Mbona kwa Wenzangu Wanaruhusiwa? Historia ya Kanuni za Skrini Majumbani

Mtoto kulalamika kwamba kwa wenzake jambo linaruhusiwa na kwao linakatazwa si kitu kipya, lakini lalamiko la skrini lina mwanzo unaojulikana: lilizaliwa pale picha zinazotembea zilipotoka katika majumba ya sinema zikaingia sebuleni. Sinema ilikuwa mahali pa umma. Filamu ilikaguliwa na bodi, ikaonyeshwa kwa saa iliyotangazwa, na mtu wa mlangoni akaamua kama mtoto ana umri wa kuingia. Televisheni ilimkabidhi mzazi kazi zote hizo. Watoto wa mtaa mmoja husoma pamoja na kucheza pamoja, kwa hiyo hawakukawia kugundua kwamba nyumba mbili zinazotenganishwa na ukuta mmoja zinaweza kuwa na sheria mbili. Katika miaka 70 iliyopita mamlaka ya kuweka kanuni hizo yamehama kutoka serikalini na kwenye vituo vya utangazaji hadi kwa kila familia peke yake, na sasa yameanza kurudi kwa wazazi wanaokaa pamoja na kukubaliana.

Saa moja ya skrini tupu

BBC ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni jijini London tarehe 2 Novemba 1936, ikayasimamisha wakati wa vita, ikayarudisha mwaka 1946. Seti zilikuwa chache na ghali. Malkia Elizabeth II alipotawazwa tarehe 2 Juni 1953, zaidi ya watu milioni 20 walitazama sherehe hiyo nchini Uingereza, na wengi wao walikuwa nje ya nyumba zao, wamejazana katika sebule za jamaa na majirani. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto kuketi mbele ya skrini ya mtu mwingine.

Hata hivyo, tofauti za nyumba na nyumba zilipunguzwa makali na utaratibu mmoja wa taifa zima. Kila siku, kuanzia saa 12 hadi saa 1 jioni, hakukuwa na matangazo yoyote. Vipindi vya watoto vilimalizika, skrini ikabaki tupu, na vipindi vya watu wazima vikaanza baada ya saa hiyo kupita. Nafasi hiyo iliachwa makusudi ili wazazi wawalaze watoto wadogo, na wakubwa wafanye kazi zao za shule. Mtoto aliyeambiwa akalale hakuweza kumtaja rafiki anayeendelea kutazama, kwa sababu rafiki huyo hakuwa na cha kutazama.

Utaratibu huo uliondolewa na fedha. Kituo cha kibiashara cha ITV kilianza tarehe 22 Septemba 1955, na mapato yake yalitokana na matangazo ya biashara, tofauti na BBC iliyoendeshwa kwa ada ya leseni. Kwa ITV, saa moja ya kimya kila jioni ilikuwa hasara. Waziri aliyesimamia utangazaji, Charles Hill, naye aliamini kwamba kumlaza mtoto ni wajibu wa mzazi, si wa serikali. Saa hiyo ilifutwa tarehe 16 Februari 1957. Tangu siku hiyo, familia iliyotaka watoto walale mapema ilibidi iseme yenyewe, huku ikijua kwamba nyumba ya pili ingeweza kusema vingine.

Mwaka uliofuata, 1958, Hilde Himmelweit na wenzake wa London School of Economics walichapisha utafiti mkubwa wa kwanza wa Uingereza kuhusu televisheni na watoto. Walichunguza maelfu ya watoto, wakiwalinganisha wenye seti nyumbani na wasio nayo, na katika mji wa Norwich waliwapima watoto kabla televisheni haijafika na baada ya kufika. Ililazimu kulitenga kundi la watoto wasio na seti kwao ambao walitazama mara kwa mara kwenye nyumba za wengine. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba kiasi ambacho mtoto hutazama kina uhusiano na mfano wa wazazi wake. Kwa hiyo, tangu utafiti huo wa mwanzo, mambo mawili yalionekana: mtoto hupata skrini hata pale ambapo nyumba yao haina, na anachokiona wazazi wake wakifanya kina uzito katika kile anachofanya yeye.

Alhamisi ya Iceland

Iceland ilipitia njia iliyo wazi zaidi. Jeshi la Marekani lilianza kurusha televisheni kutoka kambi yake ya Keflavík katikati ya miaka ya 1950, na familia za Kiiceland zilizokuwa karibu zikanunua seti na kuyapokea matangazo hayo. Taifa zima likajikuta katika hali ya mtoto anayechungulia kwa jirani. Mwaka 1964 watu 60 mashuhuri wa nchi hiyo walitia saini ombi la kutaka matangazo ya kambi yaishie kambini, kwa kuhofia lugha na utamaduni wao.

Televisheni ya taifa, RÚV, ilianza Septemba 1966 na kuweka mipaka ambayo familia haikulazimika kuitetea. Siku ya Alhamisi haikurusha matangazo, na mwezi wote wa Julai, wakati wa likizo na jua la kiangazi, ilifunga. Mapumziko ya Julai yaliendelea hadi mwaka 1983, na Alhamisi ikabaki tupu hadi mwaka 1987, mwaka mmoja baada ya kituo binafsi cha Stöð 2 kuanza kazi. Kwa miaka 20 mtoto wa Iceland alijua kwamba jioni ya Alhamisi ni ya kutembeleana, kusoma au kucheza, na kwamba ni hivyo kwa kila mtu. Kama ilivyokuwa Uingereza, ushindani wa vituo ndio uliomaliza kanuni ya pamoja.

Seti moja kwa mtaa mzima

Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwaka 1973 wakati wa Rais Aboud Jumbe, na televisheni yake, TVZ, ikawa ya kwanza kurusha matangazo ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni kwa miaka mingine 20 hivi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa itakayowanufaisha wachache wa mijini, ikaweka nguvu kwenye redio, ambayo ilifika vijijini. Katika nchi moja, basi, kulikuwa na kanuni mbili: mtoto wa Unguja aliweza kutazama na binamu yake wa Dar es Salaam hakuweza, na sababu haikuwa ukali wa baba bali sera ya nchi. Bara ilifunguka mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha, kikiwemo kituo cha ITV ya Tanzania, cha mfanyabiashara Reginald Mengi. Nchini Kenya, kuanza kwa kituo cha KTN mwaka 1990 kulikuwa kumeshamaliza zama za kituo kimoja.

Kwa muda mrefu seti moja ilihudumia nyumba nyingi. Watoto waliacha kandambili mlangoni, wakakaa mkekani, na mwenye nyumba ndiye aliyechagua kipindi na saa ya kuzima. Mama wa nyumba hiyo aliweza kumwambia mtoto wa jirani arudi kwao, akaoge, aende madrasa au afanye kazi ya shule, na mtoto alitii kama aliyeambiwa na mzazi wake. Lalamiko la zama hizo lilihusu kukosa seti kuliko kanuni za kuitumia, na mara nyingi lilitulizwa na ruhusa ya kwenda kwa jirani kwa muda.

Kilichovuruga mpangilio huo kwanza ni vibanda vya video, ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza. Kwa kiingilio kidogo mtoto aliweza kukaa gizani akitazama filamu za mapigano bila mtu mzima wa kwao wala wa jirani. Wazazi wengi walivikataza, wengine hawakujali, na watoto wakaanza kulinganisha. Baadaye seti zilishuka bei, ving'amuzi vikaleta chaneli nyingi, na Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, nyumba nyingi za mjini zilikuwa na skrini yao. Mtoto hakuhitaji tena sebule ya jirani, na macho ya mama wa jirani yakapungua pamoja na ziara hizo.

Mzigo wahamia nyumbani

Marekani ndiko ambako kazi ya kuamua ilikabidhiwa familia waziwazi. Mwaka 1975 mitandao mikubwa ya televisheni ilikubaliana kuitenga saa ya kwanza ya jioni kwa vipindi vinavyofaa familia nzima, lakini mwaka 1976 mahakama ya shirikisho iliukataa mpango huo kwa sababu ulitokana na shinikizo la serikali na kuingilia uhuru wa kujieleza. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilichagua njia nyingine: televisheni mpya ziwekewe kifaa cha kuzuia vipindi, na mzazi ndiye akiwashe. Kufikia mwaka 2000 kila seti mpya ya inchi 13 na zaidi ilitakiwa kuwa nacho. Ving'amuzi vilivyouzwa duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo, vilikuja na wazo lilelile kwa sura ya namba ya siri ya mzazi.

Ushauri wa madaktari ulifuata mkondo huo. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwashauri wazazi wasiwawekee televisheni watoto walio chini ya miaka 2. Mwaka 2016 kilirekebisha msimamo wake: walio chini ya miezi 18 waepushwe na skrini isipokuwa kuzungumza na jamaa kwa video, wa miaka 2 hadi 5 wasizidishe saa 1 kwa siku ya vipindi vyenye ubora, na kwa wakubwa kila familia iandike mpango wake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokaribiana na huo kwa watoto wa chini ya miaka 5, likisisitiza usingizi na michezo ya kuchangamsha mwili. Kwa wadogo, kwa hiyo, kuna kipimo kinachojulikana. Kwa wale wa shule ya msingi na sekondari, ambao ndio hasa wanaolalamika, wataalamu waliiachia kila nyumba ipange yake, na tofauti kati ya nyumba na nyumba zikaongezeka.

Kwa nini lalamiko huja katika umri fulani

Mtoto wa miaka 4 hulilia katuni iliyozimwa. Wa miaka 9 huleta hoja. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza mabadiliko hayo katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya mtoto, baada ya kuwachunguza watoto wakicheza gololi. Wadogo waliamini kwamba kanuni za mchezo zimetoka kwa wakubwa na haziwezi kubadilishwa. Walipokaribia miaka 10 walianza kuziona kuwa makubaliano ambayo wachezaji wanaweza kuyabadilisha wakiridhiana. Kwa mtoto wa umri huo, kusikia kwamba nyumba nyingine ina kanuni nyingine ni ushahidi kwamba kanuni ya kwao inaweza kujadiliwa. Lalamiko lake, hata likiwa la kuudhi, ni dalili kwamba akili yake imeanza kupima haki.

Namna mzazi anavyopokea hoja hiyo ina uzito. Kuanzia miaka ya 1960, mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani alitofautisha wazazi wanaoamrisha bila kueleza, wanaoachia kila kitu, na wanaosimamia kanuni huku wakitoa sababu na kusikiliza. Kundi la tatu ndilo alilolihusisha na watoto wanaojiamini na kujitawala zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Patti Valkenburg walipanga mienendo ya wazazi kuhusu televisheni katika aina tatu: kukataza, kuzungumza na mtoto kuhusu anachokiona, na kutazama pamoja naye. Nyumba inayokataza tu humwacha mtoto bila maneno siku atakapokutana na jambo hilo kwa rafiki, na siku hiyo haikwepeki.

Simu mkononi

Simu janja zilianza kuenea baada ya mwaka 2007, na vishikwambi baada ya 2010. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 zilishusha gharama, na katika miaka iliyofuata video ikawa kitu cha kila siku kwenye simu ya mzazi, ya dada wa kazi au ya kaka mkubwa. Skrini ya sebuleni ilionekana na wote; ya mkononi humhudumia mmoja. Umri wa miaka 13 unaotajwa na mitandao mingi ya kijamii unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa za watoto, wala haukupimwa kwa kuangalia ukomavu wa mtoto. Wazazi wengi huuchukua kama idhini.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na simu. Nyumba zilizokuwa na kanuni kali ziliilegeza, na shule zilipofunguliwa haikuwa rahisi kuirudisha. Shule za Kenya na Tanzania, hasa za bweni, kwa kawaida hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na huko malalamiko hupungua kwa kuwa katazo ni la wote. Hurudi wakati wa likizo, watoto wanapotawanyika kwenye nyumba zenye taratibu tofauti, kwa shangazi, kwa mjomba na kwa bibi.

Serikali na wazazi warudi uwanjani

Baadhi ya serikali zimejaribu tena kanuni moja kwa wote. Korea Kusini ilizuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi kuanzia mwaka 2011. Baadhi ya watoto walitumia utambulisho wa wazazi wao, wengine wakahamia gemu za simu, na sheria ikaondolewa mwanzoni mwa mwaka 2022. China mwaka 2021 iliwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni kwa muda wa saa moja tu, tena jioni za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Australia ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025.

Njia iliyogusa lalamiko la mtoto moja kwa moja ni ya wazazi wenyewe. Mwaka 2017 wazazi wa Austin, Texas, walianzisha ahadi ya kutowapa watoto simu janja kabla ya darasa la 8. Ahadi ya familia moja haihesabiki kuwa imeanza mpaka familia 10 za darasa lilelile katika shule ileile zitie saini, kwa sababu lengo ni kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayebaki peke yake bila simu. Mwaka 2023 wazazi wa shule 8 za msingi katika mji wa Greystones, Ireland, walikubaliana kwa hiari kutowanunulia watoto simu janja hadi waingie sekondari. Mwaka huohuo wazazi wa mtaa wa Poblenou, Barcelona, walianza harakati kama hizo, na mwaka 2024 kundi lililoanzishwa na akina mama wawili nchini Uingereza likaenea kwenye shule nyingi. Waswahili walishalisema: mkono mmoja haulei mwana.

Kulipokea lalamiko

Yaliyopatikana katika safari hiyo yanaweza kupangwa kwa utaratibu. Kwanza, mtoto asikilizwe mpaka amalize. Mara nyingi anacholalamikia si skrini yenyewe bali kuachwa nje ya mazungumzo ya wenzake kuhusu kipindi au gemu, na hilo lina dawa tofauti, kama kutazama kipindi hicho pamoja mwisho wa wiki au kuwaalika wenzake nyumbani.

Pili, apewe sababu ya kweli. Visingizio kwamba kifurushi kimeisha au umeme wa luku unakaribia kukatika humaliza ubishi wa siku moja, na mtoto akigundua, humwachia mzazi ubishi wa miaka. Sababu zenye mashiko ni usingizi, masomo, mchezo wa nje na usalama wake kwa watu asiowajua mtandaoni.

Tatu, nyumba ya rafiki isitukanwe. Kusema kwamba wazazi wa fulani hawajali watoto wao humweka mtoto katika vita vya uaminifu, na maneno hayo hufika. Inatosha kusema kwamba kila nyumba ina utaratibu wake, na huu ndio wa kwetu. Mtoto akienda kwa rafiki, wazazi wazungumze kabla kwa heshima, kama walivyofanya majirani wa zama za seti moja. Katika mambo madogo afuate utaratibu wa mwenyeji, na katika yale ya hatari, kama video za watu wazima au kuzungumza na wageni mtandaoni, ajue kwamba anaweza kuomba kurudi nyumbani bila kugombezwa.

Nne, kanuni iwafunge wakubwa pia. Mzazi anayeshika simu mezani wakati wa chakula anaivunja kanuni anayoitetea. Tano, kanuni ikaguliwe kadiri mtoto anavyokua, kwa wakati unaojulikana kama mwanzo wa muhula, ili mtoto aone kwamba hoja nzuri ina nafasi yake na kilio hakina. Mcha mwana kulia hulia yeye, lakini mwana aliyeleta hoja anastahili jibu.

Mwisho, wazazi wa darasa moja au mtaa mmoja wakae pamoja. Si lazima wakubaliane kila kitu. Makubaliano ya mambo mawili au matatu, kama umri wa kupewa simu na saa ya kuzima usiku, yanatosha kuondoa sehemu kubwa ya lalamiko. Tofauti zitakazobaki ni zile ambazo kila familia inaweza kuzieleza kwa mtoto wake bila kuona haya.